Shule mpya ya sekondari ya kata pembezoni mwa Arusha: maswali tunayoulizwa kila siku

Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi ya shule ya kata, upande wa kusini wa jiji, tangu eneo likiwa shamba la mahindi. Maswali haya nimeulizwa dukani, msibani, kwenye hais na baada ya ibada. Nayajibu hapa kwa kirefu kwa sababu mengine hayajibiki mtu akiwa amesimama barabarani. Wenzetu wa Moshi, kule Msaranga au Pasua, utaratibu wao ni huu huu, kasoro udongo.

Sekondari zipo. Kwa nini tujenge nyingine?

Zipo, ila ziko mbali na zimejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Laki mbili hao wengi wao hawakupata pa kujenga Kaloleni wala Levolosi. Walikuja kwenye viwanja vya pembezoni, Muriet, Olasiti, Terrat, Olmoti, wakaja na watoto.

Asiyeamini asimame njia panda yoyote ya huku saa kumi na moja na nusu alfajiri mwezi wa nne. Mimi nilimwona binti wa kidato cha kwanza akitembea pekupeku, viatu mkononi, soksi ndani ya viatu, na chupa ya maji kwenye begi. Nikadhani ni maji ya kunywa. Akaniambia, "Hapana baba, ni ya kunawa miguu nikifika getini." Udongo mweusi ukilowa unashika soli mpaka kiatu kinakuwa kizito kama tofali, kwa hiyo amejifunza kuvua. Alikuwa na zaidi ya saa nzima ya kutembea mbele yake.

Halafu kuna makorongo. Wakati wa masika maji yanashuka kutoka Mlima Meru hata kama huku kwetu halijanyesha tone. Aprili 2024, hapa hapa jijini, gari la wanafunzi lilisombwa korongoni na watoto wakafa. Tangu siku ile, mzazi wa huku akiniuliza kwa nini tunahangaika na shule ya karibu, namuuliza mwanawe anavuka korongo gani.

Sababu nyingine bado haijafika, lakini tarehe yake inajulikana. Kwa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa miaka 10. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watakuwa wanamaliza la saba. Maana yake Januari 2028 mikupuo miwili itagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Kata ambayo haijaanza kuchimba msingi imeshachelewa.

Nani aliamua shule ijengwe hapa?

Hoja huanzia kwenye mkutano wa mtaa. Ikikubaliwa inakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, kisha halmashauri. Muhtasari wa mkutano wenye majina na sahihi za waliohudhuria ni karatasi ya thamani. Kata nyingi zinakwama baadaye kwa sababu mkutano ulifanyika kweli lakini hakuna aliyeandika. Ukiitwa kwenye mkutano, nenda na uandikishe jina lako.

Waliokuwa na mashamba kwenye eneo hilo watalipwa?

Ndiyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Mthamini anakuja, anahesabu ardhi, migomba, kahawa kama ipo, nyumba, hata choo. Mwenye eneo anajaza fomu na kupigwa picha akiwa mbele ya mali yake. Aliyejitolea ardhi bure naye aandikishiane na halmashauri, mashahidi wawepo, mke au mume na watoto wakubwa wajue.

Nasisitiza hilo la familia. Mzee mmoja kwetu alitoa kipande chake kwa moyo mweupe, kwa neno la mdomo tu. Alipofariki vijana wake wakaja na kamba kupima mpaka upya, na mpaka wao ukapita katikati ya darasa lililokwishafika kwenye lenta. Vijana wale hawakuwa wabaya, hakuna aliyewaambia. Tulipoteza miezi. Shule ipimwe, iwekewe mawe ya mipaka na ipate hati kabla ya tofali la kwanza.

Fedha zinatoka wapi?

Inategemea shule ilianza kwa mlango gani. Nyingi za miaka hii zimejengwa kwa mradi wa SEQUIP, mkopo wa dola milioni 500 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, ambao lengo lake lilikuwa pamoja na shule mpya 1,000 za kata nchi nzima na shule 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa. Shule za mwanzo za mradi huo zilipelekewa shilingi milioni 470 kila moja kwa awamu ya kwanza. Mwaka 2021 zilikuja pia fedha za UVIKO-19 zilizojenga madarasa 12,000 ya sekondari kwa milioni 20 kila darasa. Halmashauri nayo inatoa kutoka mapato yake ya ndani, na wananchi wanaweka nguvu zao.

Kiasi kilichoingia kwenye shule yako kinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata na wa mtaa. Kama hakijabandikwa, uliza. Kuuliza kiasi si kumtuhumu mtu wizi, na kiongozi asiye na la kuficha hataona shida kukujibu.

Elimu ni bila malipo. Mbona tunaombwa michango?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na lina haki ya kuulizwa hivyo.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, ulifuta ada, ile ya 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, pamoja na michango ya lazima. Kidato cha tano na cha sita wakaingizwa kwenye mwaka wa fedha 2022/23. Serikali inapeleka shuleni ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake ni ya vitabu. Mzazi amebaki na sare, madaftari, nauli na matibabu.

Kuchangia ujenzi kupo, lakini kwa hiari. Mtaa unakaa, unakubaliana, na anayepokea fedha si mwalimu. Malipo yapite kwa kumbukumbu namba ya serikali na upewe risiti. Ukiona daftari la mkono linapita nyumba kwa nyumba bila risiti, usitoe, na upeleke taarifa kwa mtendaji wa kata. Na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hakuchanga. Hakuna kabisa.

Kwa maoni yangu, mchango wenye faida kubwa kuliko elfu kumi yako ni siku yako moja. Kwetu tulichimba msingi wa jengo la utawala Jumamosi tatu. Kina mama walibeba mawe kwa kanga zilizokunjwa kichwani, vijana wa bodaboda wakaleta maji kwa madumu, mafundi wakakuta mitaro iko tayari. Fedha iliyookolewa pale ikanunua milango.

Mbona hatuoni mkandarasi mkubwa na bango lake?

Kwa sababu shule nyingi za kata zinajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti. Serikali inapeleka fedha kwenye akaunti, vifaa vinanunuliwa moja kwa moja, na kazi inafanywa na mafundi wa kawaida kwa mkataba wa ufundi, chini ya mhandisi wa halmashauri. Manunuzi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST.

Zinaundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Watu wanagombania mbili za kwanza na kuidharau ya tatu. Mimi ningekuwa na ndugu mmoja tu mwaminifu kwenye kata nzima, ningemweka kwenye mapokezi. Huyo ndiye anayesimama getini lori linapoingia.

Nitoe mfano. Iliingia tripu ya mchanga, juu umechongoka vizuri kama kichuguu. Mama mmoja wa kamati, muuza mbogamboga sokoni, akaomba ngazi, akapanda na kuchomeka fimbo kwenye pembe nne za bodi. Katikati fimbo ilizama, pembeni ikagonga chini mapema. Mchanga ulikuwa umekusanywa katikati ili uonekane umejaa. Mama akamwambia dereva, "Mwanangu, hata mimi nyanya napanga hivyo hivyo kwenye sado." Tripu ile ikaandikwa kwa ujazo wake halisi, na zilizofuata zikaja zimejaa. Hakutumia cheti chochote, ila hakuna mhandisi angefanya vizuri zaidi.

Mfuko wa saruji nao una tabia zake. Ubonyeze kwa vidole: ukikuta mabonge magumu yasiyopondeka, umekaa kwenye unyevu. Nondo zipimwe unene, maana ya milimita 12 na ya 10 zikiwa zimelala chini zinafanana. Bati lisomwe geji iliyopigwa chapa, usisikilize mdomo wa muuzaji.

Mbona kuta za shule mpya huku zinapasuka mapema?

Udongo. Sehemu kubwa ya kusini mwa jiji ina udongo mweusi wa mbuga. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa na kufanya mipasuko ambayo mguu wa mbuzi unaingia. Jengo likikaa juu yake linapanda na kushuka kila mwaka, na bloku haijui kupanda na kushuka.

Dawa yake inajulikana. Unachimba mpaka uuvuke udongo ule na kukuta tabaka gumu, au unauondoa na kushindilia moramu kwa matabaka, unamwagia maji na kushindilia tena. Msingi unafungwa kwa mkanda wa nondo chini na mwingine kwenye lenta. Kuzunguka jengo unaweka njia pana ya zege yenye mwinuko ili maji ya paa yasinywe na msingi. Yote hayo yanagharimu, na ramani zinazotumwa nchi nzima zimechorwa bila kuujua udongo wako. Kwa hiyo eneo likaguliwe na mhandisi kabla ya kukubaliwa, na kamati iwe tayari kusikia kwamba kile kiwanja cha bure ndicho cha ghali zaidi.

Kosa la pili ni haraka. Zege halikauki tu, linakomaa, na linahitaji maji kukomaa. Limwagiliwe asubuhi na jioni angalau siku saba. Nguvu yake inayohesabiwa na wahandisi ni ya siku 28. Fundi anayefukuza tarehe ya ugeni wa viongozi anaweza kutandika ukuta juu ya jamvi la zege la siku mbili. Tulishapata shinikizo la namna hiyo, na ninajivunia kwamba kamati yetu ilisema hapana.

Maji ya kisima cha shule ni salama?

Usiamini kwa kuonja. Maji ya ukanda huu yana floridi kwa sababu ya miamba ya volkano, na floridi haina ladha wala rangi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi kuzunguka Meru vinapita hapo. Matokeo tunayajua wote waliozaliwa huku: meno ya kahawia, na kwa waliokunywa mengi tangu utotoni, mifupa kupinda.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki pale pale, kwa hiyo unaikoleza. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaipunguza, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi. Kwa shule, ushauri wangu ni kupima kisima maabara kwanza, kuunganishwa na maji ya mamlaka pale bomba lilipofika, na kuvuna mvua. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 linatoa karibu lita 1,000. Mabati yale yote ya madarasa bila gata wala tenki ni hasara inayotiririka mbele ya macho yetu, tena inakwenda kuulainisha ule udongo mweusi.

Vyoo vingapi vinatakiwa?

Tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 400, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 10 ya wasichana na 8 ya wavulana, na ya walimu mbali. Kuwe na chumba cha wasichana kubadilishia wakiwa hedhi, chenye maji, komeo la ndani na mahali pa kutupia taulo. Nimeingia kwenye shule yenye madarasa yanayong'aa ambako komeo la chumba hicho lilikuwa nje. Aliyelifunga alikuwa mwanaume, na hakumuuliza mtu. Weka mama kwenye kamati na mambo kama hayo hayatokei.

Majengo yamekamilika. Kwa nini shule haifunguliwi?

Inasubiri usajili. Chini ya Sheria ya Elimu shule lazima isajiliwe na Kamishna wa Elimu. Wathibiti ubora wanakuja kukagua madarasa, vyoo, maji, ofisi, maabara, usalama wa eneo na umiliki wa ardhi, wanaandika taarifa, na ikikubalika shule inapata namba inayoanzia na herufi S. Bila usajili mtoto hawezi kupangiwa shule hiyo, na baadaye Baraza la Mitihani haliwezi kuifanya kituo. Kwa hiyo ukisikia "wametukatalia kufungua," uliza kwanza kimepungua nini. Mara nyingi ni vyoo.

Wataanza kidato gani, na mwanangu atapangiwa hapa?

Cha kwanza peke yake, Januari. Kila mwaka kinaongezeka kidato kimoja. Wanapangwa na TAMISEMI kutokana na shule ya msingi walikomalizia, kwa hiyo shule za msingi za kata na jirani ndizo zinazotangulia. Anayesoma mbali akitaka kuhamia, mzazi aanze kwa mkuu wa shule aliko sasa, kisha Afisa Elimu Sekondari, na nafasi iwepo: darasa moja ni wanafunzi 40.

Kundi la kwanza linabeba mzigo. Hawana kaka wala dada wa kuwaonyesha njia, na baada ya miaka miwili tu wanakutana na upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Maabara za fizikia, kemia na baiolojia zisisubiri "awamu ijayo". Tunakumbuka kampeni ya maabara ya miaka ya 2012 hadi 2015, kuta zilivyosimama na zingine zikabaki stoo za madawati.

Walimu watatoka wapi?

Mwanzo huletwa kutoka shule nyingine za halmashauri kwa kusawazisha ikama, yaani idadi ya walimu kila shule inayostahili, kisha wanasubiriwa waajiriwa wapya. Sayansi na hisabati ndiko kwenye upungufu. Mwalimu akipangiwa pembezoni na hakuna chumba cha kupanga karibu, anatafuta uhamisho kabla ya chaki kuisha. Mwenye nyumba ya kupangisha karibu na shule na ampunguzie mwalimu kodi, huo nao ni mchango.

Kutakuwa na masomo ya ufundi?

Mtaala mpya una mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani ufundi. Si kila shule ya kata imepewa amali, kwa kuwa inataka karakana na vifaa.

Bweni je?

Hii ni ya kutwa. Hosteli hujengwa baadaye, wazazi na halmashauri wakikubaliana.

Chakula cha mchana?

Wazazi mnakaa na bodi ya shule, mnapatana debe ngapi za mahindi na maharage na nani anapika. Sahani ya makande saa saba inamfanya mtoto asisinzie kipindi cha saa nane. Ambaye nyumbani hakuna, ale pia, na asitajwe jina mstarini.

Binti yangu alijifungua akaacha shule. Anaweza kuanza hapa?

Anaweza. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi kwenye mfumo rasmi. Nenda na cheti chake cha matokeo ya shule ya msingi kwa mkuu wa shule au Afisa Elimu Sekondari. Akikujibu vibaya mtu wa getini, pita.

Siku ya kwanza aje na nini?

Kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Kama unapenda kuongeza kitu kwa hiari yako, mpe mche. Eneo lile sasa ni jeupe, halina kivuli cha kusimama wanafunzi kumi. Mgrivelia unakubali huku, mjakaranda pia. Mkaratusi usilete, au kama umeshauotesha, upandwe mbali kabisa na majengo: unanyonya maji kwenye ule udongo mweusi mpaka unasinyaa, na ukuta unafuata.